Kopo la Chumvi la Somo

Mtu aliyetunyima chumvi wanawake wa kwetu Mbuchi alikuwa na kopo la chumvi chini ya kitanda chake. Naanza na hilo ili msije mkadhani namsifu kwa sababu amekufa.

Alikuwa Somo wangu. Ndiye aliyeniweka ndani nilipovunja ungo, akanifunza ya kike, akanitoa nikiwa mtu mzima. Aliwatoa na wengine wengi, na wote tulimwita Somo, hata waume zetu, hata mwenyekiti wa kijiji. Jina alilopewa na wazazi wake nadhani alilijua yeye na karani wa daftari la kura.

Mwali wa Somo alikuwa hali chumvi. Siku zote za ndani unakula wali wa chukuchuku, samaki wa kuchemshwa kwa maji matupu, mboga kama majani ya mbuzi. Siku ya kutoka, mbele ya wanawake wote, Somo anachovya kidole ndani ya chumvi, anakiweka juu ya ulimi wako, anasema, "Umerudi kwa watu." Hapo ndipo vigelegele vinapopigwa. Na sheria yake ilikuwa moja: aliyekunyima chumvi ndiye anayekurudishia, kwa mkono wake. Hujitilii mwenyewe, wala mama yako hakutilii. Kuna mwaka aliugua homa siku ya kutoa mwali, yule binti akakaa siku nne zaidi na chukuchuku yake. Mama mtu analia dirishani, "Somo, si utume mtu tu!" Somo akamjibu toka kitandani, "Ulimi wake nimeufunga mimi. Huyo mtu ataufungua kwa ufunguo gani?"

Basi huyo ndiye aliyekuwa na kopo. Lilikuwa kopo la bati la maziwa ya unga, lina picha ya ng'ombe aliyefutika macho. Nilipomuuliza, alisema chumvi ni ya kutolea wanawali, lazima ikae karibu. Nilimwamini. Nilikuwa naamini kila kitu alichosema, nami si mtu wa kuamini ovyo, waulizeni wanangu.

Hakuzaa. Alisema hivyo bila kushusha sauti, kama mtu anayesema hana baiskeli. Wanawali wakishatoka kwenda kwa waume zao, yeye alibaki kukifagia kile chumba. Alikifagia kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. Nilimkuta mara nyingi kainama na ufagio, sakafu inang'aa, bado anafagia. "Kuna nini hapo, Somo?" "Vumbi." Hakukuwa na vumbi.

Hakuwa mpole. Ulimi wake ulikuwa kama wembe, na mikono yake ilikuwa mizito. Alinifinya paja mara moja kwa sababu nilijibu kabla ya kuulizwa. Mpaka leo nikiwa na neno mdomoni naligusa lile paja kwanza. Lakini mume wangu alipokufa, wakati watu wamekwisha kula pilau na kuondoka, yeye alibaki arobaini nzima. Hakuniambia nivumilie. Alikuwa anakaa mkekani anachambua mchele, na nikilia ananisogezea ungo, anasema, "Lia, lakini mikono ifanye kazi."

Alitufunza tusiogope kitu, na yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa kupindukia. Huku kwetu mpunga ukianza kubeba tunahamia bondeni, kila mtu na dungu lake, yaani kibanda cha juu ya nguzo, tukaamie ndege wasile mpunga na kufukuza nguruwe. Mwaka mmoja kiboko alitoka kwenye matete mchana kweupe. Sisi bado tunaulizana "nini kile?", Somo alikwisha kuwa juu dunguni, kanga moja imebaki kwenye tope. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye anahema kule juu, anatutukana.

"Chekeni! Nyinyi mnangoja akili iwaambie. Mimi miguu yangu haingoji akili!"

Maneno hayo nimeyakumbuka sana baadaye.

Miaka kadhaa kabla ya hapo aliwahi kuugua kifua kikuu. Alimeza dawa miezi yote aliyoambiwa, akapona, akanenepa, tukasahau. Kisha, uzeeni, akaanza kubadilika. Alikuwa mweupe wa maji ya kunde; akawa anaiva weusi kama aliyekaa moshini. Mistari ya viganja vyake ikawa myeusi kama imechorwa kwa wino, na fizi zikawa kama za mtu aliyetoka kula zambarau. Asubuhi akiamka haamki: anakaa kitandani anangoja dunia itulie. Akisimama ghafla anashika ukuta. Huku anakonda. Wambeya hawakukosa la kusema. Mmoja alisema Somo anajipaka masizi apate kuogopwa. Mwingine akasema karogwa na mama wa mwali aliyefinywa.

Mwaka huo huo kiboko akaja tena. Tulikimbia wote, tukapanda madungu, tukageuka: Somo amekaa chini katikati ya mpunga. "Somo, kimbia!" Wala hakugeuza shingo. Kiboko akapita upande, akaingia mtoni. Habari zikaenea mpaka Nyamisati kwamba Somo kamkazia macho kiboko mpaka kiboko kaona haya. Jioni nikampelekea uji, akaniambia, "Mwali wangu, usiwaambie watu. Sikumkazia macho. Niliita miguu, haikuitika. Hata moyo haukupiga mbio. Nilikuwa kama nyumba iliyohamwa."

Mimi ni bibi wa wajukuu saba, na yeye mpaka anakufa aliniita mwali wangu.

Halafu ndipo nikamfumania na lile kopo. Nilikwenda adhuhuri bila kupiga hodi, nikamkuta kakaa sakafuni, kopo mapajani, analamba chumvi ya mawe kiganjani kama mbuzi. Aliyetunyima sisi! Hakuficha. Alisema, "Nikiikosa naanguka. Sijui kwa nini. Ninayo hamu yake kama mtu mwenye kiu."

Nikaenda mwenyewe kwa mganga ng'ambo ya mto. Hakuna aliyenituma. Nilimweleza yote, weusi, kulamba, kukaa mbele ya kiboko. Akatikisa kichwa akasema, "Anayelamba si yeye. Kapandwa na pepo wa maji ya chumvi, na pepo ndiye anayekula. Mnyimeni mgeni chakula chake siku saba, ataondoka mwenyewe." Jamani, mimi niliona maneno yana akili. Sisi tumekua tunajua kwamba mtu hufungwa chumvi ili abadilike, akabadilika. Iweje kwa binti ifae, kwa pepo isifae?

Somo naye alikubali. Nadhani aliona aibu kukataa sheria yake mwenyewe. Alisema, "Nifungeni. Ila anishike mwali wangu huyu, hana huruma ya kijinga." Nilivimba kichwa. Nilimpikia kwa mkono wangu, kila kitu chukuchuku, na lile kopo nikalichukua nikalifukia nyumbani kwangu, ndani ya kapu la mpunga wa mbegu.

Siku ya tatu alianza kutapika. Siku ya nne alinishika mkono, mkono wake umepoa kama samaki.

"Punje moja, mwali wangu."

"Zimebaki siku tatu, Somo."

"Siku tatu ni za mwenye nguvu. Nakuomba kama mama anavyomwomba mtoto."

Na mimi, kwa mdomo huu, nikamjibu maneno yake mwenyewe: "Ulimi wako nimeufunga mimi."

Akanitazama, akageukia ukutani. Hakuomba tena.

Siku ya tano asubuhi nilimkuta macho yamegeuka, mapigo ya moyo huyasikii. Nikapiga yowe. Wanaume wakambeba kwa kitanda mpaka kwenye boti ya mashine, tukangoja maji yajae, na hakuna kungoja kulikowahi kunitafuna kama kule. Mwili wangu mimi ulikuwa unatetemeka peke yake, mdomo mkavu, moyo unagonga kama mtu anayetwanga. Yeye kalala pale kimya. Niliona kama hofu yake yote imenijia mimi. Tukafika Nyamisati, tukapata gari, mpaka hospitalini Kibiti.

Tulimkuta daktari binti mdogo tu, ningeweza kuwa nimemzaa mama yake. Alimfunua midomo akatazama fizi, akafunua viganja, akauliza kama aliwahi kuugua kifua kikuu, akauliza kama anapenda chumvi. Alipouliza hilo la chumvi nilijibu, "Sana," nikaishia hapo. Hakungoja majibu ya damu, maana damu ya kipimo kikubwa ilibidi ipelekwe Dar. Alimchoma sindano palepale, akamtundikia chupa ya maji. Kesho yake Somo alikaa kitandani akaomba chai. Nimeona watu wakipona, lakini sijaona mtu akirudi namna ile.

Daktari akatueleza, naye alieleza vizuri, si wa kujisikia. Alisema juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama kofia. Tezi hizo zinamwaga ndani ya damu kitu kinachoitwa homoni, ni kama mjumbe anayetumwa. Zipo zinazokuamsha asubuhi upate nguvu ya kusimama. Zipo zinazoizuia chumvi isikimbilie kwenye mkojo. Na ukishtuka, ukiona hatari, moyo uende mbio na miguu ipate nguvu, ni zenyewe. Ukiugua, ukifiwa, zinaongeza kazi ili mwili usianguke. Kile kifua kikuu cha zamani kilijificha humo, kikazila polepole.

"Kwa hiyo kofia zangu zimeliwa," Somo akasema. "Figo zinatembea kichwa wazi."

Daktari akacheka. "Ndiyo, bibi. Ndiyo maana mwili ulikuwa unalilia chumvi. Ulikuwa unajitafutia dawa." Kisha akaacha kucheka, akatazama karatasi yake. "Lakini kuna jambo sielewi. Mtu mwenye hamu ya chumvi hivi, chumvi imemwishaje mwilini namna hii? Nani alimnyima?"

Nilikuwa nimesimama ukutani. Niliutazama ule mrija, tone, tone, tone. Nina mdomo mimi, nimegombana na mabwana shamba, nimegombana na diwani. Siku hiyo nilikuwa bubu.

"Nilijinyima mwenyewe," Somo akasema. "Ukaidi wa uzee."

Daktari akamgombeza yeye. Akamgombeza sana, nami nasikia. Akamwonyesha ile chupa, akasema, "Unayaona haya? Ni maji ya chumvi." Somo akautazama mkono wake wenye sindano, akasema kwa sauti ndogo, "Imeingilia mkononi basi. Ulimi hauna habari."

Daktari alidhani mzaha. Mimi sikudhani.

Tangu hapo aliishi kwa vidonge. Asubuhi dozi kubwa, mchana ndogo, kila siku ya Mungu, na aliambiwa asiache hata siku moja, maana akiacha ghafla ataanguka kama alivyoanguka. Akiwa na homa aongeze, akipata mshtuko mkubwa, kama msiba, aulize. Alivifunga kwenye pindo la kanga. Kadi ya daktari iliyoandikwa ugonjwa wake aliishona ndani ya ngozi ya hirizi, akaivaa shingoni, akasema hii ndiyo hirizi ya kwanza anayojua imeandikwa nini. Weusi ukapungua, nguvu zikarudi, na ulimi ukarudi kabla ya nguvu. Pakipigwa mbiu ya msiba alikuwa anauliza kwanza, "Wa nani?" Akitajiwa anafikiri. "Aa, huyo hapana. Huyo dozi ya kila siku inamtosha." Watu wanacheka, msibani kwenyewe wanacheka.

Mimi nilicheka kwa mbali. Kati yetu kulikuwa kumeingia kitu. Hakununa, hakunisema kwa watu, ningalisikia. Shikamoo yangu aliitika. Lakini hakuja tena kwangu kuchambua mchele, na mimi nikienda kwake nilikuwa nakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni. Wajukuu zangu wamekwenda Dar, mmoja anasomea uuguzi, namtaja kwa kuwa nimemsomesha kwa korosho zangu, na nyumba yangu jioni ilikuwa na sauti moja tu, ya kuku. Hatua arobaini kutoka hapo naye kakaa peke yake. Nilikuwa naona moshi wake. Nadhani naye aliona wangu.

Na kulikuwa na jambo ambalo watu waliliita kituko cha uzee. Daktari alimwambia chumvi asiikose, kwa hiyo alikula. Lakini hakujitilia. Akishabandika chungu anatoka mlangoni, anaita mwanamke yeyote anayepita, "We mama, njoo unitilie chumvi." Muuza vitumbua, mke wa mwalimu mgeni, yeyote. Mmoja alimuuliza, "Somo, mikono inauma?" Akasema, "Hii ni dawa tu. Tia uende zako."

Wote waliitwa. Mimi nilikuwa napita hapo kila siku kwenda kisimani, na mimi hakuniita. Miaka sita.

Na kila mwaka, wakati wa kupanda, nilikuwa nafungua kapu la mpunga wa mbegu, naingiza mkono, nagusa bati. Nachota mbegu kulizunguka. Nafunika.

Alikufa mwaka jana baada ya mavuno, usingizini. Niliingia mimi wa kwanza, maana kulikucha na moshi haukuonekana. Nilifungua pindo la kanga, vidonge vilikuwa sawasawa, hakuruka hata kimoja. Wakati wake ulikuwa umefika tu. Waliomwosha wote ni wanawali wake, tukagombania nafasi, naye angefurahi kutuona tukifinyana.

Lakini nataka mjue jinsi tulivyoonana bondeni, msimu wake wa mwisho.

Mpunga ulikuwa umeanza kupiga manjano. Alikuwa hana haja tena ya kulima, wanawali wake wangemlisha, lakini alisema hawezi kukaa kijijini kusikiliza redio ya watu. Alikuwa na kaploti kadogo na dungu la nguzo fupi. Asubuhi hiyo nilifukua kopo, nikalifunga kwenye kanga, nikashuka. Njia nzima moyo unagonga. Nikakumbuka zile kofia za figo, nikazitukana: mimi bibi mzima, naogopa kama binti wa jana.

"Hodi dunguni!"

"Nani?"

"Mwali wako."

Akachungulia chini. "Panda, kama ngazi itakubali hayo makalio."

Nikapanda. Tukasalimiana, tukasemana afya, tukasema ndege mwaka huu wamezidi. Nikafungua kanga, nikaliweka kopo katikati yetu.

Akalitazama muda mrefu. "Kumbe ng'ombe wangu yu hai."

"Kapofuka kabisa," nikasema.

"Alikuwa wapi?"

"Kwenye mbegu." Nikaligusa paja, pale aliponifinya, nikasema hivyohivyo. "Somo, siku ile daktari alipouliza..."

"Aliuliza nikajibu. Unataka nijibu mara ya pili?"

"Ulidanganya kwa ajili yangu."

"Nilidanganya kwa ajili yangu. Ungegombezwa siku ile mbele ya watu usingerudi tena kwangu, nakujua kiburi chako." Akatazama bondeni. "Hata hivyo hukurudi."

"Mbona hukuniita? Umewaita wapita njia wote, Somo. Hata muuza vitumbua! Nilikuwa napita pale kila siku ya Mungu."

Akanigeukia kwa yale macho ya wembe. "Mwali ndiye anayemwita Somo wake aje amtoe? Wapi umeona? Mwali hukaa ndani akangoja."

Nikalifungua kopo. Chumvi ilikuwa imeshikana kuwa jiwe moja. Nikaikwangua kwa kisu cha kuvunia mpaka ikatoka kidogo, rangi ya majivu. Nyingine ikamwagika kwenye fito. Nikachovya kidole. Nilipoinua uso, yeye alikuwa amekwisha kufumba macho, na ametoa ulimi nje kama mtoto.

Nikaiweka.

"Umerudi kwa watu," nikasema.

Akafunga mdomo, akaimeza taratibu. Akafumbua macho. Akatazama kulia, mpunga na matete. Akatazama kushoto, mpunga na maji. Hakukuwa na mtu yeyote mpaka jicho linapoishia.

"Watu wenyewe ndio wewe?"

"Ndio mimi."

"Haya," akasema, akaniwekea kombeo mkononi. "Basi amia ndege, wanatumaliza."